Mwokoaji Naye Anarudije Nyumbani?

Ijumaa usiku mimi sitoki. Rafiki zangu wa Tottenham wameshazoea, hawanisumbui tena na habari za mpira wala kahawa. Gari liko nje na mafuta yake, simu iko mezani na mlio umefunguliwa, viatu viko mlangoni. Pengine usiku mzima hautaingia hata ujumbe. Pengine saa saba itaita, na upande wa pili atakuwa dada mmoja wa mapokezi hospitalini, Mnigeria, ambaye siku hizi anakwenda moja kwa moja kwenye shida yake: "Kaka, watu wako wawili wapo hapa."

Watu wangu hao ni Wayahudi wa Stamford Hill, mtaa wa kaskazini mwa London ninakoishi. Wanajitolea katika Hatzola, huduma ya dharura ya jamii yao. Wamemleta mgonjwa, wamemkabidhi kwa madaktari, na sasa wamesimama ukumbini na makoti yao marefu meusi, usiku wa Sabato, siku ambayo dini yao inawakataza kuendesha gari. Kuja walikuja kwa gari kwa sababu roho ya mtu ilikuwa hatarini. Roho hiyo imeshapokelewa. Wao warudi vipi?

Mimi ni Mwislamu, mtu wa Tanga, na kuendesha teksi ndiyo kazi inayonilisha. Nachukua funguo naenda.

Nataka kuandika kuhusu safari hiyo ya kurudi. Habari za uokoaji siku zote ni habari za kwenda: king'ora, mbio, mlango unavunjwa, mtu anatolewa. Ya kurudi hayasimuliwi. Na mimi, kwa muda niliokaa nikiwabeba hawa watu, nimeamini kwamba jamii ikitaka kuwa na waokoaji wa kudumu, wasiochoka na kupotea baada ya mwaka mmoja, basi lazima ikae chini ifikirie kurudi kwao kwa uzito uleule inaofikiria kwenda kwao.

Kwanza nieleze Hatzola ni nini. Ilianzia Williamsburg, Brooklyn, mwishoni mwa miaka ya 1960. Hershel Weber, Myahudi wa Kihasidi, yaani wa lile kundi la washika dini sana, aliona watu wa mtaa wake wakipoteza maisha wakisubiri gari la wagonjwa. Pia ilikuwa jamii iliyozungumza Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, nyumbani, na wengine, wazee hasa, walisita hata kumpigia simu mgeni. Akakusanya majirani, wakajifunza huduma ya kwanza, wakaweka mitungi ya oksijeni kwenye magari yao wenyewe. Utaratibu ukaenea Brooklyn nzima, kisha ukavuka bahari. Hapa Stamford Hill ulianza mwaka 1979. Leo upo Manchester, Johannesburg, Melbourne na miji mingine mingi, kila mji na chombo chake.

Namna unavyofanya kazi haina mafumbo. Mtu wa kujitolea anaishi mtaani na mara nyingi anafanya kazi hukohuko. Ni muuza nguo, mwalimu, fundi bomba. Amefunzwa, ana redio, na mkoba wake wa vifaa haumtoki. Simu ikipigwa, mpokeaji anatangaza anwani kwenye redio na aliye karibu zaidi anajibu. Gari lenye machela linafuata nyuma yake. Hawalipwi, na mgonjwa naye hadaiwi kitu. Gharama zinatoka kwenye michango. Wakiitwa na asiye Myahudi wanakwenda pia, na mtaa huu una Waturuki, Wakaribi, Wahindi na sisi.

Ukaribu huo una hesabu yake. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa na bila mashine ya kuushtua inapunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10 hivi. Ubongo unaanza kudhurika ndani ya dakika 4 hadi 6. Gari la serikali linaweza kuwa na dereva hodari na bado likakwama kwenye foleni. Anayetoka nyumba ya nne hana foleni ya kukwamia.

Nilivyoingia mimi ni hivi. Mke wangu alikuwa akimhudumia bibi mmoja mzee wa Kihasidi: kumwogesha, kumpa dawa, kumshikia mkono akipanda ngazi. Ijumaa moja ya baridi, siku zile ambazo Sabato huingia kabla hata ya saa kumi alasiri, nikaenda kumchukua mke wangu. Mishumaa ilikuwa inawaka juu ya kabati, mezani mikate miwili imefunikwa kitambaa cheupe. Watoto wa watoto walikuwa wamejaa sebuleni na nguo zao za sikukuu. Bibi alikuwa kwenye kiti chake. Ghafla akashika kifua. Jasho likamtoka, midomo ikageuka rangi.

Mke wangu akaniangalia, nami nikatoa simu mfukoni. Katika nyumba ile ilikuwa inajulikana kwamba siku ya Sabato hawagusi simu, hawawashi taa, hawapiki. Nikaona ni heri tulikuwamo sisi tusiobanwa na sheria hiyo. Lakini kabla sijafungua simu, mtoto mkubwa wa yule bibi, mwalimu wa dini mwenye ndevu zilizomfika kifuani, alishavuka sebule, akanyanyua simu ya mezani, akabonyeza namba kwa kidole chake mwenyewe. Akasema anwani mara moja, kwa sauti ya kawaida. Watoto wote wanamtazama.

Mke wangu alikuwa hajamaliza kufungua vifungo vya shingoni mwa bibi mlango ulipogongwa. Akaingia mtu wa makamo, kanzu ya hariri nyeusi, soksi nyeupe ndefu, kofia kubwa ya manyoya wanayoivaa Sabato, mkoba wa vifaa mgongoni. Ni fundi bomba wa ng'ambo ya barabara. Mimi nilikuwa namjua kwa gari lake la kazi tu. Akavua ile kofia, akaiweka juu ya kabati kando ya mishumaa, akabaki na kile kikofia kidogo cheusi. Akakunja mikono ya hariri, akavaa glavu za buluu. Akamwambia bibi maneno ya Kiyidishi, polepole, akiwa amepiga goti ili macho yao yalingane. Akampa aspirini atafune. Mwenzake wa pili akafika na mashine ya kupima moyo, na mke wangu akashika shuka kumsitiri bibi wakati vile vibandiko vinabandikwa. Kisha nikamwona fundi bomba akiandika saa na vipimo kwenye karatasi kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda, ingawa aspirini alimpa bibi kwa wa kulia. Wakamshusha kwa machela. Nje gari lilikuwa linangoja, mlango wa nyuma wazi.

Bibi alipona. Aliishi miaka mingine ya kutosha kuona vitukuu.

Mimi nilibaki na maswali yangu, na fundi bomba alikuwa mtu wa kujibu maswali. Nilimuuliza kwanza kuhusu ile simu. Kwa nini yule mwalimu hakuniachia mimi? Akanieleza kwamba hiyo ndiyo sheria yenyewe. Musa bin Maimun, yule mwanazuoni na tabibu wa Cairo zama za Salahuddin Ayubi, aliyefariki mwaka 1204, aliandika kwamba mgonjwa mahututi akihitaji kitu siku ya Sabato, kisifanywe kwa mkono wa mgeni wala wa mtoto, kifanywe na wakubwa na wanazuoni wa Kiyahudi wenyewe. Waliofuata wakafafanua sababu: mkizoea kumtafuta mgeni, ipo siku mgeni hatakuwapo, na watu watasimama wakitazamana mpaka mtu afe. Kwa hiyo mheshimiwa kuliko wote ndiye anayetakiwa kunyanyua simu, na anyanyue mbele ya watoto.

Na mkono wa kushoto? Pale ambapo jambo halicheleweshi tiba, wanajitahidi kulifanya kinyume cha kawaida, ili Sabato ikumbukwe. Linapochelewesha, hapana mjadala, ni mkono wa kulia.

Aliniambia na jingine ambalo limenikaa kichwani. Katika Talmudi ya Yerusalemu, kitabu cha kale cha mijadala ya sheria zao, imesemwa kuhusu hali kama hiyo: anayefanya haraka anasifiwa, anayekwenda kwanza kuuliza kama inaruhusiwa anamwaga damu, na yule anayeulizwa analaumiwa. Nikamwambia, wa kwanza na wa pili nimewaelewa, huyu wa tatu amekosa nini? Akasema: "Angekuwa amewafundisha watu wake mapema, nani angekuja kumuuliza?" Nilikaa na jibu hilo wiki nzima. Lawama inampanda kiongozi ambaye watu wake wanalazimika kuuliza wakati wa moto.

Sasa tuje kwenye kurudi, maana na hilo walishalifikiria, tena zamani mno.

Katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, kwenye kitabu kinachohusu mwaka mpya, imetajwa desturi ya kale. Mtu akiuona mwezi mwandamo, alisafiri hata siku ya Sabato kwenda Yerusalemu kutoa ushahidi mbele ya mahakama. (Sisi wa Pwani, tunaogombana kila mwaka kuhusu mwezi, jambo hili linatuingia vizuri.) Akishafika na kutoa ushahidi, safari yake imekwisha na ruhusa yake imekwisha. Akabaki kwenye ua mmoja, haruhusiwi kusogea mpaka Sabato itoke. Rabban Gamlieli Mkubwa, aliyeishi karne ya kwanza, akabadilisha: watembee dhiraa 2,000 kila upande, kama wenyeji wa mji. Na hakuishia kwa mashahidi wa mwezi. Akaongeza mkunga aliyekuja kuzalisha, na waliokuja kuokoa watu kwenye moto, kwenye jeshi la adui, kwenye mto uliofurika, kwenye nyumba iliyoporomoka.

Tazama orodha hiyo. Mtu anayeitunga anamwona mkunga asubuhi, kazi imekwisha, mtoto analia vizuri, na mkunga mwenyewe amekaa uani kwa watu kama mfungwa. Sidhani kama mkunga huyo angekataa kuitwa tena. Wakunga hawakatai. Lakini moyoni angesita kidogo, na kusita kidogo kwa mkunga kunaua. Gamlieli aliona hilo miaka karibu 2,000 iliyopita.

Zikaja enzi za magari na Hatzola, swali likarudi upya. Rabi Moshe Feinstein wa New York, aliyekuwa mamlaka kubwa ya sheria kwa Wayahudi wa Marekani mpaka alipofariki mwaka 1986, aliruhusu watu wa Hatzola kuendesha gari kurudi nyumbani Sabato baada ya kumfikisha mgonjwa. Hoja yake ilikuwa hiihii: ukimwacha mtu akwame hospitali mbali na mke na watoto usiku wa Sabato, safari ijayo miguu itakuwa mizito. Ruhusa ya mwisho inatolewa kwa ajili ya mwanzo. Rabi Shlomo Zalman Auerbach wa Yerusalemu hakukubaliana naye, na mpaka leo wapo wanaofuata huku na wapo wanaofuata kule. Gari lenyewe la wagonjwa halina ugomvi, linarudishwa mara moja kwa sababu huenda mgonjwa mwingine anasubiri. Mjadala ni kuhusu watu waliobaki. Wanaochukua msimamo mkali hawaendeshi. Wanangoja, wanatembea kwa miguu, au wanarudishwa na asiye Myahudi.

Ndipo nilipomwambia fundi bomba: mimi gari ninalo.

Mpango wetu hauna karatasi. Dada wa mapokezi ana namba yangu kwa sababu nilimpa mwenyewe siku ya kazi. Nikifika, nafungua mlango wa gari mimi na kuufunga mimi, wao hawagusi kitasa. Taa ya ndani, ile inayowaka mlango ukifunguka, nimeizima moja kwa moja. Redio ya muziki haiwashwi. Ya kwao inabaki imewashwa, imefungwa kiunoni, inakoroma, maana mtaa bado una watu wenye mioyo na mapafu. Hakuna pesa inayoshikwa. Jumapili mtoto ataletwa mlangoni na sahani ya keki, na mke wangu atairudisha sahani na kaimati.

Wakiwa garini, ndiyo maana nilisema kurudi kuna mambo. Anayekwenda amejaa kazi kichwani. Anayerudi kichwa kimekuwa wazi, na kila kitu kinaingia. Nimewahi kumbeba kijana ambaye nilimkuta amekaa kwenye benchi, mikono mapajani, ukosi wa shati jeupe umelowa jasho. Mtoto mchanga. Hawakufanikiwa. Tulipita Clapton yote hajasema neno. Mlangoni kwake nikazima injini nikasubiri, sikumwambia pole wala sikumuuliza. Baadaye akaanza kusema mwenyewe, kuhusu vidole viwili. Kifua cha mtoto mchanga, yeye alifundishwa kukikandamiza kwa vidole viwili tu. Akanionyesha vidole vyake. Kisha akasema mkewe ana mtoto wa umri ule ndani, na hajui ataingiaje. Tukakaa. Taa za nyumba ile, zile zinazojizima zenyewe kwa saa maalumu ya umeme, zikazimika moja baada ya moja. Mwishowe akashuka, nikamfungulia.

Kesho yake jioni, Sabato ilipotoka, fundi bomba na wakubwa wawili walikuwa nyumbani kwake. Nilijua kwa sababu magari yao yalikaa pale mpaka usiku wa manane. Kumbe hilo nalo wanalo: mwenye tukio baya haachwi peke yake. Kwangu mimi huko ndiko kumrudisha mtu nyumbani kwa maana kamili, na gari langu lilikuwa nusu ya kazi tu.

Si kila mtu anaelewa ninachofanya. Kinyozi wangu, Mghana, aliniuliza waziwazi: unawabebaje hao, si wanajali wao kwa wao? Akataja Crown Heights. Swali lake ni halali na nililijibu kwa ninachokijua. Tarehe 19 Agosti 1991, Crown Heights, Brooklyn, gari lililokuwa katika msafara wa kiongozi wa Wahasidi wa Lubavitch liliacha njia, likawagonga watoto wawili weusi wa familia za kutoka Guyana. Gavin Cato, mwenye miaka 7, alifariki. Binamu yake Angela aliumia vibaya. Gari la Hatzola lilifika, na polisi, walipoona umati umeanza kumpiga dereva, wakaliamuru limwondoe yeye na wenzake. Watoto walichukuliwa na magari ya wagonjwa ya jiji. Habari ikasambaa kwamba Wayahudi wamekataa kumtibu mtoto mweusi. Saa chache baadaye Yankel Rosenbaum, mwanafunzi kutoka Australia aliyekuwa na miaka 29, alichomwa kisu akafa, na mtaa ukawaka siku tatu.

Amri ilikuwa ya polisi, hilo lilithibitika. Lakini namwelewa mama aliyesimama kando ya barabara ile na kuona gari lenye herufi za Kiebrania linaondoka na mtu mzima huku mtoto yuko chini. Maelezo ya baadaye hayawezi kufuta kilichoonekana. Huduma inayobeba jina la jamii moja inaishi kwa kuaminiwa na jamii nyingine zinazoishi kuta kwa kuta nayo, na imani hiyo hujengwa kabla ya ajali. Kinyozi hakuniambia amekubali. Aliniambia nikae sawa asije akanikata sikio.

Lipo na jambo ambalo mimi na fundi bomba hatukubaliani. Hatzola karibu kote ni kazi ya wanaume. Kule Borough Park, Brooklyn, wanawake wa Kihasidi waliomba kujiunga, hasa kwa ajili ya simu za uzazi, kwa sababu mwanamke aliyelelewa maisha yake yote katika stara anazidiwa na aibu juu ya uchungu wanapoingia wanaume wa mtaani kwake. Wakakataliwa. Wakili Rachel Freier, ambaye mwaka 2016 alichaguliwa kuwa jaji, akawaongoza kuanzisha kikosi chao, Ezras Nashim, na mwaka 2020 wakapata kibali cha kuwa na gari la wagonjwa. Fundi bomba anasema wanawake wana watoto, hawawezi kuacha nyumba saa nane za usiku. Mimi namrudisha kwenye Mishna yake: kwenye orodha ya Gamlieli aliyetajwa kwanza ni nani? Si mkunga? Anacheka, ananiambia nimeanza kuwa rabi. Lakini msimamo wangu siubadilishi. Mke wangu ndiye aliyeshika lile shuka.

Israeli utaratibu umekwenda mbali zaidi. Eli Beer, aliyeanza kupanda magari ya wagonjwa Yerusalemu akiwa kijana mdogo, mwaka 2006 aliunganisha vikundi kuwa United Hatzalah, na kilichowapa sifa ni pikipiki: sanduku nyuma, ndani yake oksijeni na mashine ya kushtua moyo, inapenya foleni. Humo wamo Waislamu, Wakristo na Wadruzi pamoja na Wayahudi. Beer mwenyewe ameeleza hadharani kwamba baba yake alipoanguka kwa moyo, miongoni mwa waliowahi kumfikia ni Mwislamu wa Yerusalemu Mashariki. Nilipomsomea fundi bomba aya ya 32 ya Suratul Maida, inayosema Wana wa Israili waliandikiwa kwamba mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote, alinyamaza, kisha akanitajia Sanhedrini, kitabu kingine cha Mishna, sura ya nne, penye maneno kama hayo, neno kwa neno. Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu za Clapton Common.

Pikipiki zile ndizo zilizonifanya nifikirie nyumbani. Tanga haina upungufu wa pikipiki wala wa moyo. Soma gazeti lolote la Kiswahili, kila ajali ina wasamaria wema waliomkimbiza majeruhi hospitali, na wengi wao ni bodaboda. Hao wamefanya kwenda. Lakini muulize msamaria mwema kurudi kwake kulikuwaje. Ndugu yangu wa damu, wa kijiwe cha bodaboda, alimbeba mzee aliyegongwa na lori. Alizuiwa kituoni mpaka usiku, pikipiki imeshikiliwa kama ushahidi, yeye anaulizwa kama si yeye aliyegonga. Hospitali walitaka kwanza PF3, ile fomu ya polisi, kisha wakataka mtu wa kuweka pesa ya kuanzia. Siku hiyo hakupeleka hesabu kwa tajiri wa pikipiki. Kiti kilijaa damu. Aliniambia kwenye simu, bila hasira: "Kaka, mimi tena sibebi."

Na huyo ni mtu mwema. Tumempoteza kwenye kurudi.

Serikali yetu imeshasema mara nyingi kwamba majeruhi wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuate. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, imeandika wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Lakini habari hizo lazima zifike kwa mlinzi wa getini na kwa askari wa zamu, wawe wanajua kabla, ili asiwepo wa kuuliza wala wa kuulizwa. Mfano wa jinsi inavyowezekana upo kwetu wenyewe. M-mama, mpango ulioanzia Kanda ya Ziwa na sasa umeenea nchini: mjamzito akipata shida anapiga 115 bure, na pasipo gari la wagonjwa anaitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, anampeleka, na akifika analipwa nauli yake kwa simu. Dereva harudi mikono mitupu, na harudi akiwa mtuhumiwa. Ameandikwa, anajulikana. Kwa hiyo kesho akipigiwa saa tisa za usiku anatoka.

Tangu mwaka jana, mimi na jamaa wachache wa Tanga tulio huku tunachanga, na tumeanza na kile kijiwe cha ndugu yangu. Vijana wamefundishwa na muuguzi mstaafu wa mtaani: kuzuia damu, kumlaza mtu asiyejitambua, kutomkunja mwenye maumivu ya shingo, kukandamiza kifua. Glavu zipo kwenye kila pikipiki. Hiyo ilikuwa sehemu nyepesi na pesa zake zilipatikana haraka, kwa sababu kila mchangaji anapenda kusikia habari za kwenda. Sehemu ngumu ni hii nyingine. Mwenyekiti wa mtaa amekubali namba yake iandikwe kwenye vitambulisho vyao, na kijana akizuiwa kituoni atakwenda mwenyewe kumdhamini, hata usiku. Tajiri mmoja wa pikipiki amekubali siku ya kubeba majeruhi isihesabiwe. Wawili bado wanabisha, na tunawaendea kupitia wake zao.

Ndugu yangu amerudi kijiweni na kitambulisho shingoni. Ila anasema hatabeba mpaka suala la kiti limalizike: kikiloa damu, nani analipa kuoshwa, na kisipooshika nani anashona kipya? Mimi nimependekeza mfuko, yeye anataka akiba ya viti viwili ikae dukani kwa fundi, mtu afungue chake afunge kingine palepale aendelee na kazi. Ameshauliza bei.